Skrini za barabarani: Tununue kipimo, tusinunue sifa

Apitaye katika miji yetu mikubwa wakati wa usiku hakosi kuziona skrini za kielektroniki zikimeremeta juu ya nguzo, kwenye kuta za majumba na kando ya barabara kuu. Zinatangaza sabuni, benki, kampeni za chanjo na mikutano ya serikali za kaunti. Hakosi pia, hasa masika yakishapita, kuziona nyingine zimeingia mabaka meusi kama nguo iliyoliwa na mende, au zimezimika kabisa zikabaki kuwa mbao tupu zinazoning'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Tangazo lisilosomeka ni hasara kwa aliyelilipia. Skrini ya umma iliyokufa kabla ya kutimiza mwaka ni hasara kwa mlipa kodi, na kasha la umeme lililojaa maji juu ya nguzo ya chuma ni hatari kwa kila mtu aegemeaye nguzo hiyo akingoja matatu.

Sababu zinazotajwa huwa ni zilezile. Husemwa kwamba mvua ya mwaka huo ilizidi kiasi, au kwamba bidhaa ilikuwa hafifu, au kwamba mkono wa mtu ulipita katika zabuni. Huenda yote hayo ni kweli. Hata hivyo, ipo sababu nyingine ambayo haijadiliwi, nayo ni ya lugha. Wanunuzi wetu huagiza skrini kwa sifa, ilhali watengenezaji huziuza kwa kipimo, na baina ya sifa na kipimo pana mwanya wa kutosha kupitisha maji ya masika yote.

Mimi si fundi wa umeme. Riziki yangu naitafuta katika isimu. Lakini ni mwanaisimu huyohuyo atakayekwambia kwamba kivumishi, kama jina lake linavyodokeza, kazi yake ni kuvumisha. Neno la Kiingereza linalobandikwa kwenye bidhaa hizi huahidi kinga kamili dhidi ya maji. Sisi tulilipokea tukalifasiri kwa namna kadhaa: skrini isiyoingia maji, skrini isiyopenya maji (ambayo, ukiichambua kisarufi, ni skrini isiyoweza kuyapenya maji, kana kwamba iliwahi kuwa samaki), skrini isiyoharibika kwa maji, na skrini inayostahimili maji. Sokoni maneno haya hutumiwa kana kwamba ni pacha. La kwanza linazungumzia mpaka: hata tone moja lisipite. Isiyoharibika kwa maji inazungumzia madhara: maji yaweza kupita, mradi kifaa kiendelee kufanya kazi. Inayostahimili ina ndani yake dhana ya kikomo, ila kikomo chenyewe hakisemwi. Atakayelipa mamilioni ya shilingi kwa mojawapo ya maneno haya hana budi kujua amenunua lipi.

Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, iliyoasisiwa mwaka 1906 na yenye makao yake Geneva, iliuona ugonjwa huu wa vivumishi zamani, ikauwekea dawa ya tarakimu. Kiwango chake nambari 60529, ambacho toleo lake la pili lilitolewa mwaka 1989 na kurekebishwa mwaka 1999 na 2013, ndicho chenye msimbo ambao wauzaji wa skrini huutaja kila mara: herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili, kama vile IP54 au IP65. Kiwango chenyewe kinazifasiri herufi hizo kuwa ni ulinzi wa kimataifa, ingawa wafanyabiashara wengi wamezipa maana ya ulinzi dhidi ya kuingiliwa, na wala sioni haja ya kugombana nao katika hilo.

Kosa la kwanza la wasomaji wa msimbo huu ni kuisoma 65 kama sitini na tano, kwa hiyo wakadhani kuwa 67 inaizidi kwa alama mbili, kama matokeo ya mtihani. Hizo ni tarakimu mbili zisizohusiana. Ya kwanza, inayoanzia 0 hadi 6, inazungumzia vitu vikavu: mkono, kidole, waya, na hatimaye vumbi. Ya pili, inayoanzia 0 hadi 9, inazungumzia maji. Sita-tano ni sentensi fupi yenye virai viwili, na kila kirai kina jaribio lake.

Sasa tazama kinachosemwa katika sentensi hiyo. Tarakimu 6 ya vumbi inasema kwamba vumbi haliingii, basi. Tarakimu 5 ya vumbi inakiri kwamba vumbi laweza kuingia, ila si kwa kiasi cha kukwamisha kazi ya kifaa. Katika upande wa maji, tarakimu 5 inasema kwamba maji yanayorushwa kwa bomba kutoka pande zote hayatakuwa na athari ya madhara. Haisemi kwamba hayataingia. Kwa hiyo mnunuzi aliyeandika katika mkataba wake “isiyoingia maji”, kisha akaletewa IP65, ameahidiwa jambo moja kwa maneno na jingine kwa nambari. Mzozo ukizuka, muuzaji atasimama nyuma ya nambari, na nambari itamtetea.

Jaribio lenyewe halina fumbo. Kwa tarakimu 5, maji hurushwa kupitia mdomo wa bomba wenye kipenyo cha milimita 6.3, lita 12.5 kwa dakika, kutoka umbali wa mita 2.5 hadi 3, kwa muda usiopungua dakika tatu. Kwa tarakimu 6, mdomo huwa na kipenyo cha milimita 12.5 na maji huwa lita 100 kwa dakika. Kwa tarakimu 7 bomba huwekwa kando na kifaa huzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa.

Hapa ndipo ngazi inapovunjika, na wanunuzi wengi hawana habari. Kutoka 1 hadi 6 kila hatua inabeba zile za chini yake: kilichofaulu kwa 6 kinahesabiwa kuwa kimefaulu kwa 4. Kuanzia 7 tunabadilisha mchezo. Kuzamishwa ndani ya maji yaliyotulia si kupigwa na maji yanayokuja kwa nguvu kutoka ubavuni. Kasha laweza kukaa ndani ya pipa bila madhara kisha likashindwa na bomba la muosha magari. Ndiyo maana kifaa kilichofanyiwa majaribio yote mawili huandikwa alama zote mbili. Anayelipia nyongeza kwa ajili ya 7 kwa skrini iliyo juu ya nguzo ya mita kumi amelipia gharika ya Nuhu na kuisahau mvua ya upepo. Hata mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, yaliyoathiri sehemu kubwa ya nchi yetu, hayangeifikia skrini hiyo kutoka chini.

Kuna pia herufi X. Ukiona IPX5, usidhani kwamba X ni sifuri wala usidhani ni alama ya ubora. Maana yake ni kwamba tarakimu ya vumbi haikutajwa. Huenda kifaa hakikupimwa kabisa kwa vumbi. Kukaa kimya si sawa na kukana wala si sawa na kukubali, na mnunuzi wa Garissa au Lodwar anayeiona X hiyo ana haki ya kuuliza.

Niliwahi kuombwa na taasisi moja ya umma nitafsiri maelezo ya zabuni ya skrini iliyokusudiwa kuwekwa langoni. Katika nakala ya Kiingereza kulikuwa na lile neno moja la kuvumisha, bila tarakimu yoyote. Nilirudisha karatasi nikiuliza ni ipi kati ya maana zile tatu iliyokusudiwa. Nilijibiwa nichague inayosikika vizuri. Skrini ilitundikwa, ikazinduliwa kwa hotuba, na kabla ya mvua za vuli kwisha robo yake ilikuwa giza. Muuzaji alipoitwa alikuja na cheti, na cheti kilikuwa cha kweli: uso wa skrini ulikuwa umepata 65. Mgongo wake, uliokuwa na matundu ya feni na uliotazama upande unakotoka upepo wa mvua, haukuwa na cheti chochote, kwa sababu hakuna aliyeuulizia. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wazee, na huyu muuzaji hakujisumbua kuwaambia.

Jambo hili la uso na mgongo lafaa kukaziwa. Ni kawaida kwa skrini za taa za LED kuuzwa zikiwa na viwango viwili, kwa mfano 65 mbele na 54 nyuma, na hakuna ulaghai ndani yake ikiwa nyuma kuna ukuta au paa la kuukinga. Ulaghai huanza pale nambari ya mbele inapotangazwa kwa herufi kubwa na ile ya nyuma ikafichwa katika ukurasa wa kumi na saba. Aidha, kuna tofauti ya kipande na kitu kizima. Kipande kimoja cha skrini chaweza kuwa kimepimwa kikafaulu, lakini skrini ya barabarani ni makasha mengi yaliyounganishwa, na kila kiungo, kila mahali waya unapopita, kila tundu alilolitoboa fundi siku ya kuitundika ili bolti iingie, ni mlango mpya ambao maabara haikuuona.

Na maabara haikuona mengine mengi. Jaribio hufanywa kwa kifaa kipya, ambacho mipira yake ya kuzibia haijakauka kwa jua. Maji yanayotumika ni maji safi. Kiwango chenyewe kinaeleza bayana kwamba mambo kama kutu, kuvu, wadudu na wanyama waharibifu, miale ya jua na unyevu unaotokana na mvuke kugeuka matone hayamo katika ahadi ya tarakimu hizi. Yanapaswa kutajwa peke yake. Sidhani kama kuna aya nyingine katika waraka ule inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko hiyo, maana orodha hiyo ni kama ramani ya nchi yetu.

Anza na Mombasa. Adui wa skrini iliyo karibu na bahari ni chumvi kuliko mvua. Pepo za kusi zinapovuma huleta mnyunyizo wa maji ya bahari, na chumvi hukaa juu ya kila chuma, ikavuta unyevu hata siku isiyo na wingu. Alumini iliyoshikwa kwa bolti za chuma kisichoshika kutu huanza kuliwa pale pale metali hizo mbili zinapokutana. Tarakimu za IP hazisemi neno juu ya hilo. Upo mfululizo mwingine wa majaribio, IEC 60068, ambamo kifaa huwekwa katika ukungu wa chumvi, na upo uainishaji wa ISO 9223 unaopanga mazingira kwa ukali wake wa kula metali, kutoka C1 hadi C5, kisha CX kwa yaliyo makali kupita kiasi. Zabuni ya skrini ya ufukweni inayotaja IP65 na kunyamazia chumvi imeandikwa na mtu aliyeketi bara.

Panda hadi Kisumu. Huko kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kwa makundi mfano wa moshi na kukimbilia mwanga. Skrini usiku ni taa kubwa kuliko zote mjini. Wadudu hujaa katika vichujio vya feni, hewa ikakosa njia, joto likapanda, na kifaa kikafa kikiwa kikavu kabisa, huku tarakimu yake ya maji ikiwa imetimiza ahadi.

Nairobi ina lake. Katika alasiri ya Aprili jua hulichoma kasha la chuma hadi hewa iliyo ndani ikapanuka na kutoka kidogokidogo. Kisha mvua huja ghafla, kasha likapoa kwa dakika chache, hewa ya ndani ikanywea na kuvuta kutoka nje chochote kilicho mlangoni, yaani maji yaliyosimama juu ya mpira wa kuzibia. Kasha lililofungwa barabara kuliko yote ndilo linalovuta kwa nguvu zaidi pale linapopata mwanya. Na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Ndiyo maana watengenezaji makini huweka kitundu chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, na tundu la kutiririshia chini kabisa ya kasha. Hivyo ni vitu vya bei ndogo. Havionekani katika picha za matangazo, na sijui ni kamati ngapi za zabuni zilizowahi kuviulizia.

Kutokana na hayo, ushauri wa kununua tarakimu ya juu kuliko zote ili mtu alale salama si ushauri. Skrini hutoa joto jingi, na joto hupunguza mwanga na maisha ya taa zake. Ukiifunga pande zote pasipo kuipa njia ya kupoa, umeiokoa na mvua ili ukaipike. Lodwar, ambako joto hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka, panahitaji 6 ya vumbi na njia ya kutoa joto kupitia metali ya kasha lenyewe, bila feni inayovuta vumbi ndani. Skrini ndogo iliyo chini ya paa la kituo cha mabasi Nakuru yaweza kutosheka na IP54, na fedha zilizosalia zikanunua swichi nzuri ya kukata umeme unapovuja. Skrini iliyo wazi pande zote Nairobi naiona ikihitaji 65 mbele na nyuma pia. Ya Mombasa ihitaji hiyo, na cheti cha chumvi juu yake.

Sheria haitukatazi kuandika hivyo, inatuamuru. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinataka mahitaji ya zabuni yawe wazi, yaeleze kikamilifu kinachonunuliwa, na pale inapofaa yafuate viwango vya kitaifa au vya kimataifa badala ya kutaja jina la kampuni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo. Neno la kuvumisha si habari.

Basi zabuni iseme tarakimu ya uso na tarakimu ya mgongo. Iseme kwamba tarakimu hizo ni za skrini iliyokwisha kuunganishwa na kutundikwa, si za kipande kilichopigwa picha kiwandani. Idai ripoti ya jaribio, yenye nambari ya modeli inayolingana na ile iliyoletwa, kutoka maabara yenye ithibati; cheti kisichotaja modeli ni barua ya mapenzi tu. Siku ya kupokea kazi, bomba lifunguliwe, skrini imwagiwe maji kwa dakika zile tatu, kisha makasha yafunguliwe mbele ya kamati. Jaribio la namna hiyo halitachukua nafasi ya maabara, lakini litamfanya fundi ayatazame upya matundu aliyoyatoboa. Na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka masika moja ipite. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatalia kwa hilo. Kizuri chajiuza.

Yapo pia matunzo, ambayo katika bajeti zetu huwa hayana mstari. Mpira wa kuzibia huzeeka, na fundi anayefungua kasha kubadilisha kipande kilichoungua, kisha akalifunga kwa bolti tatu badala ya sita, ameifuta tarakimu iliyolipiwa. Mkataba useme ni nani atakayeikagua mipira hiyo kabla ya kila msimu wa mvua, na kwa fedha za nani.

Nayasema haya sasa kwa sababu viwanja vyetu vinatengenezwa. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na mahali penye kandanda ya kimataifa pana skrini kubwa, za ndani ya uwanja na za mitaani watakakokusanyika wasio na tiketi. Orodha za vifaa hivyo zitapita mbele ya kamati za bunge na za mabaraza ya kaunti. Mwakilishi wa wadi hahitaji digrii ya uhandisi ili kuyafaa macho ya wapiga kura wake. Auze swali moja tu kwa afisa aliyemletea karatasi: nyuma ya skrini hii pameandikwa nambari gani, na ripoti ya jaribio lake iko wapi?